Herufi Nyembamba za Mkono: Zinasema Nini, Zinafaa Wapi

Mwaka 2011 Mwingereza Vernon Adams alitoa fonti aliyoiita Amatic, akairuhusu itumike bure. Ni herufi kubwa tupu, ndefu na nyembamba, zilizochorwa kwa mstari mmoja unaoyumba kidogo, kama inavyoyumba kalamu ya mtu asiyetumia rula. Ukibonyeza herufi ndogo kwenye kibodi, inatoka herufi kubwa iliyopunguzwa kimo. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Hata hivyo imeenea kila mahali: menyu za migahawa, lebo za jamu na sabuni za mikono, majalada ya vitabu vya watoto, kadi za mialiko zinazotumwa kwa simu. Wengi wameisoma bila kulijua jina lake.

Fonti ya namna hii ina sifa mbili ambazo kwa kawaida huzungumzwa pamoja, nami naona ni lazima zitenganishwe ndipo zieleweke. Ya kwanza ni wembamba. Ya pili ni ule mguso wa mkono. Zilizaliwa mahali tofauti, zinafanya kazi tofauti, na zikikutana na Kiswahili haziwi na bahati sawa. Wembamba unatufaa sana sisi wenye maneno marefu. Mguso wa mkono, kwa upande mwingine, unaumbuka upesi zaidi katika lugha yetu kuliko katika Kiingereza, na sababu yake inaonekana kwa macho.

Nianze na wembamba. Herufi za kitabu hazikuhitaji kubanwa hivyo, maana msomaji anakishika kitabu mkononi na mstari ukijaa maneno yanashuka chini. Haja ilikuja na bango. Katika karne ya 19 miji ya Ulaya na Marekani ilijaa matangazo ya minada, maonyesho ya sarakasi, safari za meli na dawa za kila ugonjwa, yote yakigombania ukuta mmoja. Herufi kubwa za risasi zilikuwa nzito, ghali na ngumu kuzitoa sawasawa kwenye kalibu. Mnamo 1827 Darius Wells wa New York alipata njia ya kuchonga herufi za mbao kwa mashine, na mwaka 1834 William Leavenworth akaongezea kifaa cha kunakili umbo kwa vipimo mbalimbali. Kuanzia hapo mchapaji aliweza kuwa na herufi kubwa kama anavyotaka, na pana au nyembamba kama nafasi inavyomruhusu. Neno fupi alilipa herufi pana. Neno refu alilipa herufi nyembamba. Kila mstari ukajaa kutoka ukingo hadi ukingo.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua bango lenye upana wa sentimita 65, uandike UNAKARIBISHWA katika mstari mmoja. Neno lina herufi 13, kwa hiyo kila herufi inapata sentimita 5 pamoja na nafasi ya kupumua, tuseme sentimita 4 za herufi yenyewe. Ukitumia herufi ambayo upana wake ni theluthi mbili ya kimo, kimo kinaishia sentimita 6. Ukitumia herufi nyembamba ambayo upana wake ni theluthi moja ya kimo, kimo kinafika sentimita 12. Karatasi ni ileile na neno ni lilelile, lakini kimo kimekuwa mara mbili. Mtu aliye upande wa pili wa barabara huona kimo kwanza.

Hoja hiyohiyo ndiyo iliyozaa ile safu ya herufi zilizobanwa kupita kiasi chini ya mabango ya filamu, yalipo majina ya watayarishaji na waongozaji. Mikataba mingi hutaja ukubwa wa jina la mtu kwa kuulinganisha na ukubwa wa herufi za jina la filamu, na kinachopimwa ni kimo. Mbunifu anatimiza mkataba kwa kurefusha herufi na kuzikondesha, na majina yote yanaenea. Huo ni wembamba wa kisheria, wala haumvutii msomaji. Unaonyesha tu kwamba herufi nyembamba kwanza ni jibu la tatizo la nafasi, na urembo unafuata baadaye.

Pwani yetu ina mfano wake, tena mzuri kuliko huo wa filamu. Tandaza kanga mbili sakafuni, moja yenye jina fupi na nyingine yenye jina refu. Kisanduku cha jina hakibadiliki sana kutoka kanga hadi kanga, maana lazima kikae katikati, juu ya pindo la chini. Kinachobadilika ni herufi. Jina la maneno mawili linatawanywa, herufi zimesimama mbalimbali na zimenenepa. Jina la maneno sita limebanwa, herufi zimenyooka juu na kukonda ubavuni. Mwanzoni mwa karne ya 20, majina yalipoanza kuingia kwenye kanga, mengi yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, na hati hizo zina njia yake ya kujaza nafasi: mstari unaounganisha herufi unaweza kuvutwa. Herufi za Kirumi hazivutiki hivyo. Mchoraji aliyezipokea alibakiwa na njia moja, kubadili upana wa herufi yenyewe, na akaifanya kwa ustadi ambao haujasifiwa inavyostahili.

Mchora vibao wa mtaani naye analijua tatizo hili mkononi. Anapiga mistari miwili ya chaki, wa juu na wa chini, anahesabu herufi, anatafuta ya katikati, anaanza kuzigawa kwa penseli kwenda kushoto na kulia. Aliyeruka hatua hiyo unamtambua kwa kibao chake: DUKA LA DAWA linaanza kwa herufi pana za raha, na kufika W hakuna nafasi tena, A ya mwisho imesimama wima imebanwa na fremu. Kwenye kibao kama hicho wembamba umekuja kwa dharura. Kwenye kazi ya fundi aliyehesabu, wembamba umepangwa tangu herufi ya kwanza, kila herufi imetoa sehemu yake ya upana, na jicho halioni kubanwa. Fonti nyembamba iliyo nzuri ni ile ya namna ya pili. Mtu anayechukua fonti ya kawaida na kuiminya kwa kompyuta hadi ienee anafanya kosa la namna ya kwanza kwa njia mpya: mistari ya wima inakonda, ya mlalo inabaki minene, na O inageuka yai lililokandamizwa.

Kiswahili kinahitaji wembamba huu kwa sababu inayojulikana kwa kila aliyewahi kupanga kichwa cha habari. Kitenzi chetu kinabeba mtendaji, wakati, mtendwa na mnyambuliko katika neno moja. Tangazo ambalo Kiingereza kinaligawa katika maneno manne mafupi, sisi tunalimaliza kwa neno moja la herufi 13, na neno hilo halikatiki kwa urahisi bila kumkera msomaji. Kwa hiyo mpangaji wa kurasa wa Dar es Salaam au Nairobi ana shida kubwa zaidi ya upana kuliko mwenzake wa London, na fonti nyembamba ni msaada wake wa kila siku.

Lakini zipo herufi mbili zinazoleta ubishi. M na W ndizo pana kuliko zote, na Kiswahili kinazipenda: ngeli ya watu inaanza kwa M na WA, vihusishi vingi vina W. Fonti iliyobuniwa kwa macho ya Kiingereza inaweza kuachia W iwe pana kidogo, maana haitokei mara nyingi. Kwetu W ikiwa pana, neno WANAWAKE linakuwa na mashimo mawili. Ukitaka kujua kama fonti nyembamba itafaa kwa Kiswahili, usiijaribu kwa alfabeti nzima. Andika WANAWAKE na MWANAMUZIKI, uangalie kama M na W zimekubali kukonda pamoja na wenzake.

Jaribu la pili ni KILIMANI. K, I, L, I, M, N, I: herufi saba zina mistari 9 ya wima, na ni A peke yake inayolala. Katika fonti nyembamba ya kiwandani, yenye mistari iliyonyooka na nafasi sawasawa, neno hilo linageuka uzio wa fito, jicho halijui herufi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Hapa ndipo fonti ya mkono inapowashinda wenzake waziwazi. Mstari ukiyumba kidogo, I moja ikiinama kushoto na nyingine kulia, mguu wa L ukishuka chini ya mstari kwa unywele, jicho linapata pa kushika. Yumbayumba ya mkono, ambayo wengi wanaidhani pambo, inafanya kazi ya kusomesha.

Adams mwenyewe anatupa ulinganisho mzuri kuliko wote, kwa sababu alibuni fonti nyembamba za aina zote mbili. Ile nyingine ni Oswald, nayo ya 2011, iliyofuata mtindo wa herufi nyembamba za kiwandani kama Alternate Gothic aliyoichora Morris Fuller Benton huko Marekani mwaka 1903. Oswald ina sauti ya kichwa cha habari: nzito, imesimama, haina wasiwasi. Weka neno MKUTANO kwa Oswald na msomaji anatarajia ajenda na mwenyekiti. Weka neno hilohilo kwa Amatic na anatarajia chai na vitafunio. Nafasi iliyotumika inakaribiana, na zote mbili zimetoka kwa mtu mmoja. Kilichobadilika ni nani msomaji anadhani anasema naye. Adams alipata ajali mwaka 2014 na akafariki mwaka 2016. Wengine waliendeleza kazi zake, na Amatic ikaongezewa herufi za Kiebrania zilizochorwa na Ben Nathan. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu fonti ilitolewa kwa leseni huria, inayomruhusu mtu kuitumia, kuibadilisha na kuuza alichokichapa kwayo.

Sasa niiangalie sifa ya pili, mguso wa mkono, hapo ndipo penye ugumu. Herufi iliyochorwa kwa mkono inaahidi kwamba kuna mtu nyuma yake. Ndiyo maana muuza asali anaitaka kwenye lebo: inamwambia mnunuzi kuwa asali hii haikutoka kiwandani. Lakini fonti ni kitu cha kurudiarudia. Mkono unapoandika A tano, unaandika A tano tofauti. Fonti ina A moja, na inaigonga mara tano, pamoja na yumbayumba yake ileile na kasoro yake ileile kwenye kile kimstari cha kati. Jicho huenda lisilitambue hilo kwa haraka, lakini linahisi.

Kwa Kiingereza udanganyifu huu unajificha vizuri, kwa kuwa irabu zake zimetawanyika na konsonanti zinagongana. Kwa Kiswahili haujifichi. Andika TAARIFA KWA UMMA. Kuna A tano kati ya herufi 14, mbili za kwanza zimekaa bega kwa bega, na mbele yake kuna M mbili bega kwa bega vilevile. Kama A ya fonti hiyo ina mguu wa kulia uliopinda, utaiona miguu miwili iliyopinda sawasawa, imepangana, kisha mingine mitatu. Ule mkono umegeuka muhuri. SAA, MAARIFA, MAANDAZI, BARAZA, HARAKATI: orodha haina mwisho, maana silabi zetu zinaishia kwa irabu na A ndiyo mfalme wa irabu zetu. Naamini hii ndiyo sababu mabango mengi ya Kiswahili yaliyopangwa kwa fonti za mkono yanaonekana yana kitu kisichokaa sawa ambacho mwenye bango hawezi kukitaja.

Wachapaji wamelijua jambo hili muda mrefu. Gutenberg, kwa Biblia yake ya miaka ya 1450, alitengeneza karibu maumbo 290 tofauti, yakiwemo matoleo mapana na membamba ya herufi ileile, ili mistari ijae sawasawa kama kwenye kazi ya mwandishi wa mkono. Mwaka 1990 Waholanzi wawili, Just van Rossum na Erik van Blokland, walitoa Beowolf, fonti ambayo kingo za herufi zilibadilika kwa bahati nasibu kila ilipochapwa. Siku hizi fonti inaweza kuwa na A nne ndani yake na kanuni ya kuzibadilisha zamu kwa zamu zinapofuatana. Fonti ya mkono isiyo na kanuni hiyo haijakamilika kwa lugha kama yetu, hata iwe nzuri namna gani.

Kwa asiye na fonti ya namna hiyo ipo dawa ya bei nafuu. Andika neno, kisha ligeuze kuwa michoro kwenye programu ya ubunifu na uziguse herufi zilizorudiwa: moja izungushe kwa nyuzi mbili, nyingine irefushe mguu, ya tatu ishushe kimstari cha kati. Ni kazi ya dakika chache kwa kichwa cha maneno matatu. Ukiona kazi hiyo ni kubwa mno kwa sababu maneno ni mengi, maana yake umeitumia fonti mahali pasipo pake.

Pake ni wapi basi? Jina la kitabu, jina la duka, kichwa cha menyu, majina ya bwana na bibi harusi kwenye kadi, neno moja kwenye fulana. Maneno machache, makubwa, yenye hewa ya kutosha pembeni. Ikishuka kwenye aya, inakufa. Utafiti wa Miles Tinker wa Chuo Kikuu cha Minnesota ulionyesha miongo mingi iliyopita kwamba maandishi marefu ya herufi kubwa tupu hupunguza kasi ya kusoma kwa zaidi ya asilimia 10, na hizo zilikuwa herufi za kawaida, achilia mbali zilizokonda. Kadi ya harusi inayoweka majina kwa herufi za mkono, halafu ikaendelea na herufi hizohizo kutaja ukumbi, saa na namba za kutuma mchango, inawatesa wazee. Tarakimu nyembamba za mkono ni hatari kuliko herufi, kwa sababu neno lililosomeka nusu linakisiwa na msomaji, namba ya simu haikisiwi.

Kwenye mwendo wa kasi wembamba unashindwa kabisa. Alama za barabara za Marekani zilikuwa na mfululizo wa herufi kutoka A, nyembamba kuliko zote, hadi F iliyo pana. A iliachwa, kwa kuwa dereva hakuweza kuisoma vizuri akiwa mbali. Maelekezo ya dawa, onyo la umeme na fomu za serikali navyo visiguswe na fonti hizi. Watu wanaosoma vitu hivyo hawakuja kupendezwa.

Kifaa cha kuchapia nacho kina usemi wake. Rangi ikisukumwa kwenye fulana husambaa kidogo, na tundu jembamba la A au R likazibika. Kwenye nguo chagua uzito wa juu na uachanishe herufi zaidi ya unavyodhani. Kwenye skrini ya simu ni kinyume: mstari mwembamba unafifia mpaka kijivu, na tangazo lililopendeza kwenye kompyuta ya mbunifu linafika kwenye kundi la WhatsApp halisomeki bila kukuzwa. Halafu kuna kile kiritifaa cha NG'OMBE na NG'AMBO. Katika fonti nyembamba kiritifaa kinaacha pengo linalotosha herufi nzima, na neno linaonekana limekatika. Sogeza O au A karibu kwa mkono. Programu nyingi hazitakufanyia.

Kuna jambo moja zaidi linaloniuma kuhusu herufi za mkono, nalo linatuhusu moja kwa moja. Mwaka 1923 Mjerumani Rudolf Koch alichonga Neuland, herufi nene zenye kingo za patasi. Nia yake haikuwa na uhusiano wowote na Afrika. Lakini wachapishaji wa Marekani na Ulaya waliigeuza kuwa vazi la kila jalada linalotaja Afrika au watu weusi. Mwaka 1989 Carol Twombly alitoa Lithos, iliyotokana na maandishi ya Kigiriki ya kale yaliyochongwa kwenye mawe, nayo ikapelekwa kulekule. Ukwaru wa mkono ukawa lugha ya kusema "hawa ni watu wa porini". Kwa hiyo mbunifu wa hapa anapochagua fonti iliyoparuzwa kwa ajili ya jalada la riwaya ya Kiswahili, ajiulize kama anaufuata mkono wa mtu anayemjua au picha ambayo wengine walimchorea.

Mikono tunayoijua ipo. Wachora vibao wa Mwanza, Mombasa, Bujumbura na Goma wameandika Kiswahili kwa brashi na rangi ya mafuta kwa miongo mingi, na mabango ya plastiki ya kuchapwa kwa mashine yanazidi kuwanyang'anya kazi. Herufi zao zina majibu ya maswali yote niliyoyataja: wanajua kuibana W, wanajua kuzitofautisha A mbili zinazofuatana, wanajua kiritifaa kikae wapi. Ningependa sana kuona mbunifu kijana akikaa na mmoja wao, wakakubaliana malipo na jina la mwenye kazi liandikwe kwenye fonti, kisha amwombe aandike kwa brashi maneno ya kawaida. Asimwombe alfabeti, maana alfabeti haina AA wala MW. Amwombe TAARIFA, WANAWAKE, KILIMANI, NG'AMBO, DUKA LA DAWA. Kutoka hapo achukue A zisizopungua nne, I tatu, M, N, K na W mbilimbili, jozi za AA, II, UU na MM zikiwa zimeunganishwa tayari, kisha tarakimu zilizo pana kidogo kuliko herufi ili namba za simu zisomeke.